"Yet" si "bado": kijineno cha herufi tatu na mitego yake

Swali kwenye simu: "Has the bus come?" Jibu: "Still."

Kwa sikio la Mswahili hapo hakuna kilichopungua. Basi limekuja? Bado. Kwisha. Lakini aliyezaliwa na Kiingereza anabaki kashika simu akisubiri sentensi iishe, maana kwake "still" limefungua mlango halafu hakuna aliyeingia. Still nini? Linakuja? Limekwama? Limeharibika? Alichokuwa anasubiri ni maneno mawili mafupi: "Not yet."

Kosa hili halitokani na uvivu. Linatokana na ukubwa wa neno letu. "Bado" limebeba kazi ambazo Kiingereza kimezigawa kwa "still" na "yet", na nyingine ambazo hata hayo mawili hayaziwezi. Kamusi inayapanga yote mstari mmoja, mkato baada ya mkato, kisha inakuachia uchague. Ukichagua kwa kubahatisha utapata nusu na kukosa nusu. Na "yet" ndilo gumu zaidi, kwa sababu "still" ukishalielewa linatulia, lakini "yet" linahamahama: leo kielezi, kesho kiunganishi, keshokutwa limejibandika kwenye "another" na kuwa manung'uniko.

Kinachoendelea na kinachosubiriwa

Chukua sentensi mbili: "Bado yuko ofisini" na "Bado hajafika ofisini." Zote zinaanza na "bado" na hakuna anayeshtuka. Ya kwanza inaeleza hali iliyokuwepo na inayoendelea: saa nane alikuwa ofisini, saa kumi na moja yumo vilevile. "He's still at the office." Ya pili inaeleza tukio linalotazamiwa ambalo halijatokea, yaani kufika. "He hasn't arrived at the office yet." "Still" linatazama nyuma na kusema ya asubuhi ndiyo ya jioni. "Yet" linatazama mlangoni, anapotarajiwa kuingia mtu.

Kwa hiyo usilitazame neno "bado" lenyewe, litakudanganya. Tazama kitenzi kinacholifuata. Kama ni cha kukubali, yuko, analala, wanacheza, nakumbuka, basi ni "still" na hakuna mjadala: "He's still asleep", "They're still playing", "I still remember." Kama kitenzi kina -ja-, hajafika, sijalala, hawajalipa, hapo ndipo "yet" linapoingia.

Waliojifunzia Kiingereza kwenye Biblia ya King James ya mwaka 1611 wana kisingizio. Humo, Warumi 5:8, imeandikwa "while we were yet sinners", na Biblia ya Kiswahili ya Union Version ikasema "tulipokuwa tungali wenye dhambi". Tungali, yaani bado tuko. Zama zile "yet" lilifanya kazi ya "still" bila mtu kuuliza. Leo ukisema "He is yet sleeping" utaeleweka, ila utasikika kama mhubiri wa karne ya 17.

Kiswahili kimelificha "yet" ndani ya kitenzi

Sijala, hujalipa, hajaamka, hatujaanza. Ile -ja- peke yake imeshasema kwamba jambo halijatokea na mlango uko wazi. Ndiyo maana kwetu "bado" ni chumvi ya kuongezea mezani tu: "Sijala", "Bado sijala", "Sijala bado", zote sawa. Kiingereza hakina kiambishi hicho, kwa hiyo kinakusanya vipande: "have", kisha "not", kisha kitenzi cha hali timilifu, na "yet" kufunga kazi. "I haven't eaten yet." Ukiliangusha hilo la mwisho, "I haven't eaten" inabaki sentensi safi, ila imepoa. Inasema tumbo ni tupu. Haisemi kwamba chakula kinatarajiwa.

Sasa weka pembeni "Sikula": "I didn't eat." Saa ya kula imepita, sufuria imeoshwa. "Sijala" ni wakati sufuria ingali jikoni. Anayeandika "I didn't eat yet" amechanganya sufuria iliyooshwa na iliyo motoni. Wamarekani wanaruhusiana hilo katika mazungumzo, "Did you eat yet?" ni swali la kila siku kwao, tena hutamkwa haraka hadi inasikika kama "jeet yet?" Lakini shule za Tanzania na Kenya zinafundisha Kiingereza cha mkondo wa Uingereza, na mbele ya msahihishaji wa huko andika "Have you eaten yet?" upate alama yako.

Na si kila -ja- inayotaka "yet". Sehemu tatu hukamata watu sana.

Ya kwanza ni "sijawahi". "Sijawahi kupanda ndege" ni "I've never been on a plane." Neno "never" limemaliza kila kitu. Usiseme "I have not yet ever", hakuna kitu kama hicho.

Ya pili ni "kabla". Sisi tunasema "Nipigie kabla hujaondoka", na -ja- ya kukanusha ni halali kabisa kwa sababu wakati wa kupiga simu kuondoka kutakuwa hakujatokea. Kiingereza hakitaki kukanusha huko, "before" limeshakumeza: "Call me before you leave." Anayetafsiri neno kwa neno anapata "Call me before you have not left", sentensi inayomfanya msomaji asimame ahesabu vidole.

Ya tatu ni ya adabu. Mtu ameulizwa hali ya mgonjwa mahututi, anataka kusema "hajafa". Ukisema "He hasn't died yet", umesikika kama umekaa nje na koleo unasubiri, kwa sababu "yet" linatangaza kwamba tukio linatazamiwa. Hapo kimbilia "still": "He's still alive", au kwa upole zaidi "He's still with us." Maana ni ileile, lakini moja inashikilia uhai na nyingine inasubiri msiba.

Umekula, umeshakula

"Yet" huishi kwenye kukanusha na kwenye maswali. Kwenye sentensi ya kukubali ya kawaida linafukuzwa. "I have eaten yet" ni kosa, na dawa yake ni "already", ambalo ni pacha wa -mesha- yetu: "Nimeshakula", "I've already eaten."

Kwenye swali yote mawili yanaingia, ila hayaulizi kitu kimoja. "Have you eaten yet?" ni la mwenyeji aliye tayari kupakua, hajui jibu, anataka ajue kama aweke sahani. "Have you already eaten?" lina mshangao kidogo: ndiyo kwanza saa tano na nusu, nakuta sahani ziko kwenye karai, kumbe umeshakula! Kiswahili kinaonyesha tofauti hiyo kwa "Umekula?" na "Kumbe umeshakula?", na sauti inamalizia kazi.

Wengi wamefundishwa kwamba "yet" lazima liende na hali timilifu, "have" na ndugu zake. Si lazima. Linakwenda na kitenzi chochote kinachoeleza hali inayotarajiwa kubadilika. "Is the food ready yet?" "Is he here yet?" "It isn't dark yet." Watoto kwenye kiti cha nyuma cha gari huuliza "Are we there yet?" kila baada ya dakika tano mpaka dereva atamani kuwashusha.

Likae wapi

Mahali salama pa "yet" ni mwisho wa sentensi, baada ya kitu kinachotendwa. "I haven't finished the work yet." Kosa la kawaida ni kulitumbukiza katikati ya kitenzi na kitu chake: "I haven't finished yet the work." Kiswahili kinavumilia "Sijamaliza bado kazi", Kiingereza hakivumilii.

Mahali pa pili ni mara tu baada ya "not": "I have not yet finished the work." Hii ni ya maandishi, ya barua na ripoti. Ukiitumia na rafiki utasikika umevaa tai sokoni. Lakini ina faida moja kubwa, nayo huonekana sentensi inapokuwa ndefu. Angalia hii: "I haven't received the documents you said you had signed yet." Lile "yet" la mwisho linaning'inia wapi? Sijapokea bado, au hujasaini bado? Limetembea mbali na kitenzi chake mpaka limepotea. Lirudishe: "I have not yet received the documents you said you had signed." Kanuni ninayoiona inafaa ni hii: baada ya kitenzi yakizidi maneno sita au saba, sogeza "yet" karibu na "not".

"Still" nalo lina kiti chake, na si kilekile. Linakaa kabla ya "haven't", si baada yake. "I still haven't finished" ni sawa. "I haven't still finished" si sawa. Linganisha: "still haven't", "haven't yet". Ukiyakariri haya mawili kama methali umepona nusu ya makosa.

Hapa ndipo watu wanapogombana bila kujua

Tulisema -ja- huleta "yet". Lakini "Bado hajafika" inaweza pia kuwa "He still hasn't arrived." Zote mbili ni sahihi kisarufi. Tofauti yake ni hasira.

Chukua fundi aliyemaliza kazi na anamdai mteja ankara namba 14. Ana njia tatu za kuandika.

"I have not yet received payment for invoice 14." Baridi, ya heshima. Mtu hakutajwa popote. Pesa ndiyo haijafika, labda benki, labda mtandao. Mteja anaweza kujibu bila kuona aibu.

"You haven't paid me yet." Sasa kuna "you". Ni ukumbusho wa ana kwa ana, wa watu wanaojuana. Kwenye WhatsApp kwa mtu uliyemzoea ni sawa. Kwenye barua pepe ya kazi ni ukali kidogo.

"You still haven't paid me." Hapa umegonga meza. "Still" likiungana na kukanusha linasema: nilikwambia, nikasubiri, nikakukumbusha, na hali ni ileile. Ni lawama kamili. Kama hiyo ndiyo nia yako, itumie, ni silaha nzuri. Shida ni pale mtu anapofikiri anaandika "bado hujanilipa" kwa upole wote wa Kiswahili, anachukua "still" kwa sababu ndilo la kwanza kwenye kamusi, kisha anashangaa mteja amenuna.

Ipo na njia ya nne, "I'm yet to receive payment", tutaifikia. Jingine la kuangalia ni "up to now" na "until now", tafsiri yetu ya "mpaka sasa". "Mpaka sasa hajalipa" ukiitafsiri "Until now he hasn't paid", Mwingereza anaweza kuelewa kwamba sasa hivi amelipa! "Until now" mara nyingi hufunga kipindi: ilikuwa hivyo hadi sasa, na sasa imebadilika. Sema "He still hasn't paid" au "So far he hasn't paid."

Uzito huohuo wa matarajio uko kwenye maswali. "Are you married?" ni swali la fomu. "Are you married yet?" ni swali la shangazi kwenye harusi ya mdogo wako. "Have you found a job?" linauliza, "Have you found a job yet?" linauliza na kuongeza kwamba kwa muda huu ulipaswa uwe umeipata. Ukitaka kumjulia hali mtu anayehangaika na kazi, liache hilo neno nyumbani, muulize "How's the job search going?"

Kujibu "bado" na kujibu "not yet"

Kwetu ukiulizwa umeoa, umeolewa, una watoto, jibu la kiungwana ni "bado". Ukijibu "hapana" unasikika umefunga mlango kwa kufuli, umekataa riziki. Ni adabu ya lugha kabla ya kuwa taarifa. Kiingereza hakina adabu hiyo. "Do you have children?" "No" inatosha na haina ubaya. "Not yet" inatoa habari zaidi: nina mpango, ninatarajia. Ukiisema bila kukusudia, usishangae mtu akauliza mnatarajia lini.

Kwenye usaili wa kazi "not yet" ni rafiki yako. "Have you used this software?" Ukijibu "No" umemaliza, ukijibu "Not yet, but I've used something similar" umeacha mlango wazi. Lakini kuna swali moja ambalo usithubutu: "Have you ever been convicted of a crime?" Umewahi kutiwa hatiani? Hapo jibu ni "No" au "Never". Ukijibu "Not yet" wataandika kitu pembeni ya jina lako.

Usiondoke kwanza

Hili limeenea Afrika Mashariki nzima kiasi kwamba wengi hawajui kama ni letu. Tunasema "Usiondoke kwanza", kwa Kiingereza cha mtaani inatoka "Don't go first." Kwa Mwingereza maana yake ni: usiwe wa kwanza kuondoka, acha wengine watangulie. Anaweza kugeuka kutazama ni nani aende kabla yake. "Kwanza" ya aina hii, inayosimamisha jambo kwa muda, ndiyo "yet" yenyewe: "Don't go yet." "Usimwambie kwanza" ni "Don't tell him yet." "Usizime kwanza" ni "Don't switch it off yet." "First" linabaki pale panapokuwa na mpangilio wa kweli, hiki halafu kile: "Eat first, then we'll talk."

"Yet" lenye mkato mbele

Likiwa kiunganishi, "yet" huachana na "bado" kabisa na kuwa jamaa wa "lakini" na "hata hivyo". "The house is small yet comfortable", nyumba ndogo lakini ina raha. Likiunganisha sentensi mbili kamili, tangulia na mkato: "He trained for months, yet he came last." Lina nguvu kuliko "but" kwa sababu linabeba mshangao: baada ya yote hayo, matokeo ni haya. "And yet" ni nzuri, hasa ikianza sentensi baada ya nukta. "But yet" ni kumvika mtu kofia mbili.

Kwenye hili Kenya na Uganda wana yao. Utasikia: "How can you say that yet you were not there?" na "Why are you calling me yet you know I'm in class?" Chini yake iko "ilhali" yetu, au ile "na" ya kulaumu: unanipigia na unajua niko darasani? Kwa watu wa Nairobi na Kampala sentensi hizi hazina kasoro na kila mtu anaelewa. Mimi siziiti makosa zikibaki nyumbani. Kiingereza kikishakaa mahali miaka mingi kinaota mizizi. Ila kinachokwenda London au kwa mhariri wa nje kinahitaji "when": "How can you say that when you weren't there?" Kwa Mwingereza "yet" haliongozi tegemezi la swali namna hiyo. Linaunganisha taarifa mbili zinazopingana, basi.

Linapokubali kumbe linakanusha

Wasomaji wa magazeti wanaifahamu: "The ministry has yet to respond." Hakuna "not" popote, lakini maana ni kwamba wizara haijajibu. Muundo ni "have" au "has", "yet", "to", kisha kitenzi kikavu bila mkia. Makosa yanayojirudia ni mawili: kuongeza kikanushi, "has not yet to respond", na kukipa kitenzi mkia wa wakati uliopita, "has yet to responded." Yote mawili yanaua sentensi. Kuna na "is yet to", hasa kwenye kauli ya kutendwa: "The results are yet to be announced." Ile "I'm yet to receive payment" tuliyoiacha njiani ni ya ukoo huu, na kwa ankara ni ya heshima kama ile ya kwanza.

Wanahabari wanaipenda kwa sababu ni fupi na ina chembe ya shutuma isiyoshikika mahakamani. Usiipeleke kwenye mazungumzo ya chakula. "I have yet to eat" mbele ya mama mkwe ni hotuba.

Vipande vidogo vyenye ladha

"Yet another" ni "mwingine tena", na kila mara hubeba uchovu. "Another meeting" ni mkutano mwingine. "Yet another meeting" ni mkutano mwingine na aliyesema ameshika kichwa. Vivyo hivyo "yet again": "The power went off yet again", umeme umekatika tena, jamani. Usiandike "We welcomed yet another guest" kwenye ripoti ya shughuli yenu, umewatukana wageni.

"Better yet" ni "au bora zaidi", inapokuja fikra nzuri kuliko ya kwanza: "Call him. Better yet, go and see him." Na neno likikaa baada ya sifa ya kilele, linamaanisha "kuliko zote hadi sasa": "This is her best song yet", wimbo wake bora tangu aanze, na labda utakuja ulio bora zaidi. Hapo ndipo "yet" liko kwenye sentensi ya kukubali bila kufukuzwa. Linaruhusiwa pia baada ya "may", "might" na "could": "We may yet win." Bado tunaweza kushinda, anasema shabiki dakika ya 88, timu yake ikiwa nyuma kwa bao moja.

Linavyosikika

Herufi y ya Kiingereza hapa ni sawa na yetu ya "yai", haina shida. Shida iko mwishoni. Lugha yetu inapenda kumaliza na irabu, kwa hiyo "yet" hugeuka "yeti", na hilo ni jina la dubwana la theluji la hadithi za Himalaya. Funga ulimi kwenye ufizi ulio nyuma ya meno ya juu, kata pumzi, usiachie i.

Kwa msikilizaji kuna mtego mwingine. "Not yet" likisemwa haraka, t na y huungana zikawa ch, unasikia "nochet". Ni ileile inayogeuza "don't you" kuwa "donchu". Ukiwa unasubiri kusikia maneno mawili yaliyotengana, utayakosa.

Mwisho, zile "bado" ambazo "yet" na "still" zote hukaa pembeni. "Bado dakika tano" ni "Five minutes to go" au "Five minutes left." "Bado kidogo", ukimjibu anayeuliza kama chakula kimeiva, ni "Almost" au "Not quite." Na konda anayening'inia mlangoni akipiga kelele "Bado mmoja, bado mmoja!" anasema "One more!" Huyo mmoja akishaingia, mkabanana, konda akachomoza kichwa tena na wimbo uleule, hapo una ruhusa ya kuguna: "Yet another one."